Kituo Kinamtafuta Nani? Kuisoma Hadhira ya Televisheni Kupitia Matangazo ya Biashara



Kituo cha televisheni kinachotazamwa bila malipo huishi kwa fedha za matangazo. Anayetaka kujua kinamlenga nani asiishie kwenye vipindi. Tangazo linapoanza, ndipo ashike kalamu: bidhaa gani, saa ngapi, na aliyeonyeshwa akiitumia ni mtu wa namna gani.

Marekani inatupa mfano mzuri. Huko watengenezaji wa sabuni ndio waliofadhili tamthilia za mchana, wakiwalenga akina mama wa nyumbani. Procter & Gamble, kampuni mojawapo ya sabuni, haikuishia kununua nafasi za matangazo; ilitayarisha tamthilia zenyewe, ikiwemo Guiding Light, iliyoanza redioni mwaka 1937, ikaingia kwenye televisheni 1952 na kudumu hadi 2009.

Jioni mambo hubadilika. Taarifa za habari za vituo vya Marekani vya ABC, CBS na NBC hujaa matangazo ya dawa za kuandikiwa na daktari: za baridi yabisi, za kisukari, za moyo. Yaliongezeka sana baada ya mwaka 1997, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilipolegeza masharti. Ukiyatazama kwa jioni chache tu, utatambua kwamba wanaozungumziwa ni watu wa makamo na wazee. Lakini tusisahau sheria. Uingereza hairuhusu dawa hizo kutangazwa kwa umma, kwa hiyo kukosekana kwa matangazo hayo kwenye televisheni za huko hakuthibitishi kwamba wazee hawatazami habari.

Jambo ninalotaka tulijadili zaidi ni lililotokea CBS mwaka 1971. Kituo hicho kiliondoa vipindi vyenye maudhui ya kijijini, vikiwemo The Beverly Hillbillies, Green Acres, Mayberry R.F.D. na Hee Haw. Viwili vya mwisho vilikuwa bado miongoni mwa vipindi 20 vilivyotazamwa zaidi nchini. Watazamaji walikuwepo, tena wengi. Ila wengi wao walikuwa watu wa vijijini na wenye umri mkubwa, ilhali wenye bidhaa waliwataka vijana wa mijini wenye fedha za kutumia. Naliona tukio hili kuwa zito, kwa sababu linatuonyesha kwamba tangazo humtaja anayetafutwa, na anayetafutwa si lazima awe ndiye anayetazama. Mtu anaweza kukifuatilia kituo miaka mingi bila kuhesabiwa na wanaokiendesha.

Kwa kazi yetu ya mchana napendekeza Citizen TV ya Kenya, yenye taarifa ya habari ya Kiswahili saa 1 usiku na ya Kiingereza saa 3 usiku. Kituo ni kimoja, siku ni moja, na habari nyingi ni zilezile. Makundi mawili yaandike matangazo ya kila taarifa, kisha tuyalinganishe. Kila kundi liandike pia nani hakuonekana kabisa: mkulima, mvuvi, mzee, mtu mwenye ulemavu. Orodha hiyo ya pili ndiyo nitakayoomba tuanze nayo.