Lango la Jaa

Masomo: Nehemia 3:13-14, Kumbukumbu la Torati 23:12-14



Wengi tunapita haraka kwenye Nehemia 3, kwa sababu ni sura ya majina. Leo tusimame kwenye mstari wa 14. Wengine walijenga Lango la Kondoo, wengine Lango la Samaki. Malkiya alijenga Lango la Jaa, lango la kutolea uchafu wa mji. Naye hakuwa mtu mdogo, alikuwa mkuu wa wilaya. Hata hivyo alilitia milango na makomeo kama wenzake. Kama lango lile lingebaki wazi, adui angepita pale pale.

Sasa tuangalie Bukavu yetu. Mvua ikinyesha, takataka tulizotupa kwenye mifereji zinashuka milima mpaka Ziwa Kivu. Maji ya ziwa yanatoka kwa njia moja tu, mto Ruzizi, na pale ndipo lilipo bwawa la umeme la Ruzizi I, tangu wakati wa Wabelgiji. Chupa na masashe yanaelea mpaka pale, yanaziba njia ya maji, mashine zinasimama, umeme unakatika. Halafu tunakesha gizani tukikemea roho ya giza! Wapendwa, roho inakemewa. Sashe haikemewi, inaokotwa.

Mwingine atasema: «Mchungaji, hiyo ni kazi ya Serikali.» Kweli, Serikali ina wajibu wake. Mwisho wa 2017 ilitoa amri ya kukataza mifuko ya plastiki, lakini sokoni bado tunafungiwa bidhaa ndani yake. Tuidai bila woga. Lakini sura hiyo hiyo inasema wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Mbele ya nyumba yako kuna nini?

Mwingine atasema: «Parseli yangu ni ndogo, nitupe wapi?» Neno hilo ni la haki. Basi tuanze kwa kutenganisha. Maganda ya ndizi, mabaki ya sombe na makombo ndiyo sehemu kubwa ya takataka za nyumba. Yaweke katika shimo au gunia kuukuu, uyafunike kwa udongo kila mara ili nzi wasikae. Baada ya miezi kadhaa utapata mbolea ya lengalenga. Plastiki iweke kavu katika gunia lake. Usiichome, maana moshi wake ni sumu kwa kifua cha mtoto.

Kijana anayepita kuchukua takataka, mlipe kwa wakati, nyumba tatu au nne mkichanga pamoja. Tena mulize anapeleka wapi. Akimwaga bondeni usiku, umelipa ili uchafu wako uende kwa jirani. Na jirani ni yule aliye chini yako, mpaka Uvira, maana Ruzizi inaingia Tanganyika.

Mungu aliwaagiza askari wa Israeli wabebe chombo cha kuchimbia na kufukia uchafu wao nje ya kambi. Sababu aliyoitoa ni kwamba yeye mwenyewe anatembea kambini. Sisi tunamwomba atembelee mtaa wetu. Apite wapi? Kipindupindu kinajua njia ya kwetu kuliko tunavyodhani.

Jambo la mwisho linatugusa sisi wenyewe. Kampeni ya Injili ikiisha, uwanja unabaki mweupe kwa masashe ya maji. Kesho yake wasioomba pamoja nasi ndio wanaofagia. Huo ni ushuhuda gani? Kampeni ijayo, protokole wasimame na magunia, na baraka ya mwisho itolewe uwanja ukiwa safi. Na Jumamosi hii, kwenye salongo, kila kikundi cha maombi kisafishe mfereji ulio karibu na kanisa lake.

Bwana atufanye akina Malkiya wa mji huu. Amina.