Mlango Nilioufunga kwa Kishindo

Masomo: Matendo ya Mitume 13:13 na 15:36-40, 2 Timotheo 4:11

Nawasalimu nyote, ninyi mlio nyumbani mkinywa chai, ninyi mlio njiani kwenda kazini, na ninyi ambao leo hamna kazi ya kwendea. Asubuhi hii nataka kusema hasa na mtu mmoja. Ni yule aliyeacha kazi yake akidhani anakwenda kwenye nafuu, na sasa anajuta. Usiku anageukageuka kitandani akijiuliza, "Je, nirudi kwa tajiri wangu wa kwanza? Nitamtazamaje usoni?"

Ndugu yangu, swali hilo nalijua. Mimi mwenyewe niliwahi kulala nalo.

Kabla sijaingia katika kazi ya kuhubiri, nilikuwa karani wa stoo katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Nilifanya kazi pale miaka saba. Nilijua kila pembe ya stoo ile: mabati yako wapi, misumari ya inchi tatu iko wapi, na simiti ipangwe vipi juu ya mbao isipate unyevu wa sakafu. Mzee mwenye duka alikuwa mkali wa hesabu na mwenye maneno machache. Hakuwa na desturi ya kumsifu mtu. Lakini mshahara ulilipwa kila mwisho wa mwezi, na mtoto wangu alipougua, alinipa ruhusa bila maswali mengi.

Siku moja rafiki akaniambia kwamba kampuni fulani ya Nairobi inatafuta karani, na mshahara wake unazidi wangu kwa theluthi moja. Sikutaka shauri la mtu. Mke wangu sikumwuliza, nilimwarifu tu. Mungu naye sikumwuliza. Nilimshukuru tu, kana kwamba amekwisha kukubali.

Kisha nikafanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka huinamisha kichwa. Mzee aliponiuliza sababu ya kuondoka, nilimjibu mbele ya wenzangu kwamba nimechoka kufanya kazi katika kibanda. Nikatupa funguo juu ya meza yake, nikatoka. Sikungoja notisi iishe. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi sikumwonyesha hata vitabu vilipofikia.

Huko Nairobi, theluthi ile iliyoongezeka ililiwa na kodi ya chumba na nauli ya matatu. Mke na watoto walibaki Nakuru, karibu kilomita 160, nikawa nawaona mara moja kwa mwezi. Hayo ningeyavumilia. Lakini katika wiki ya tatu msimamizi aliniletea karatasi ya kupokea mali, nitie sahihi kwamba mifuko 200 ya simiti imeingia. Nikahesabu, nikapata 180. Akaniambia, "Karani aliyekutangulia hakuwa na taabu ya kuhesabu."

Ndugu zangu, ningependa kuwaambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilitia sahihi. Mara ya pili nilikataa, na tangu siku hiyo sikuwa na amani mahali pale, wala usingizi sikuupata kwa ajili ya ile sahihi ya kwanza.

Nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi wa pili, mke wangu akaniuliza, "Baba Watoto, mbona huli?" Nikamweleza yote. Akasema, "Si urudi kwa mzee?" Nikajibu, "Nitarudije, nami nililiita duka lake kibanda?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi huogopi kukosa kazi. Unaogopa lile neno lako."

Wazee wetu walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mithali hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utoto, lakini usiku ule ndipo nilipoielewa.

Nitawaambia mwisho wa habari hii. Kwanza tumtazame kijana mmoja wa Biblia, aitwaye Yohana Marko.

Marko alikulia katika nyumba njema. Mama yake alikuwa na nyumba Yerusalemu ambamo waamini walikutana kuomba wakati Petro alipokuwa gerezani. Barnaba na Sauli walimchukua awe msaidizi wao, akafuatana nao hadi kisiwa cha Kipro. Lakini walipofika Perga ya Pamfilia, Marko aliwaacha, akarudi Yerusalemu. Biblia haituambii sababu. Labda aliugua, labda aliogopa, labda alikumbuka kwao. Inatuambia tu kwamba aliwaacha wenzake katikati ya kazi.

Baadaye Paulo na Barnaba walipopanga safari nyingine, Barnaba alitaka Marko aende nao tena. Paulo akakataa. Hapo, wapenzi, tusiwe wepesi wa kumlaumu Paulo. Alijua ugumu wa njia, na alijua maana ya kuachwa. Tajiri anayesita kukupokea mara ya pili si lazima awe mtu mbaya. Huenda anakumbuka tu ile wiki uliyomwacha, wateja wamesimama mlangoni na hakuna mwenye kujua vitu viko wapi. Basi wale watumishi wawili wakashindana hata wakatengana. Paulo akamchukua Sila. Barnaba akamchukua Marko, wakaenda Kipro.

Miaka ikapita. Katika waraka kwa Wakolosai tunamkuta Paulo kifungoni, na Marko yuko pamoja naye, tena Paulo analiagiza kanisa limpokee. Na katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo akiona mwisho wake umekaribia, anaomba aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa katika kazi. Ni mtu yuleyule aliyemkataa!

Ni nini kilichotokea katikati? Tafuta katika Maandiko, hutaona hotuba ya Marko ya kujitetea. Alikwenda na Barnaba, akafanya kazi. Mlango uliofungwa Perga haukufunguliwa kwa maneno. Ulifunguliwa na miaka ya uaminifu, pamoja na ndugu mmoja aliyekubali kusimama upande wake.

Sasa wewe unayefikiri kurudi, nisikilize kwa mambo matatu.

La kwanza, chunguza moyo wako. Wana wa Israeli jangwani walikumbuka samaki na matango ya Misri, wakasahau matofali na mijeledi. Kila kazi mpya ina ugeni wake, na mtu asikimbie kwa sababu ya upweke wa wiki mbili. Tena, kama kule ulikotoka ulikuwa ukidhulumiwa au ukilazimishwa kusema uongo, usiite Misri nchi ya ahadi kwa kuwa umeona njaa. Mwombe Mungu akuonyeshe kama unarudi penye kazi njema au unaikimbia taabu tu.

La pili, usiondoke vibaya mara mbili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya siku 28 kwa maandishi. Aliye katika muda wa majaribio aweza kutoka kwa notisi ya siku 7. Tena sheria hiyohiyo yamtaka mwajiri akupe cheti cha kazi kinachoonyesha siku uliyoanza, siku uliyoacha na kazi uliyofanya, ikiwa umefanya kazi wiki nne au zaidi. Usione haya kukiomba. Kabidhi vitabu, kabidhi funguo, lipa deni, ndipo uage. Mkristo anayetoroka kazi usiku humwachia tajiri wake shaka juu ya Mkristo atakayekuja baada yake.

La tatu, omba radhi kwanza, na kazi baadaye. Wengi wetu tukifikiri kurudi, twamkumbuka yule mwana mpotevu, na twatumaini pete na ndama aliyenona. Lakini tajiri wako si baba yako. Baba yule ni mfano wa Mungu, na kwa Mungu utapokewa hivyo, wala usiwe na shaka. Kwa binadamu, mwige yule mwana katika jambo moja: alikusudia kusema ukweli juu ya kosa lake, na kuomba nafasi ya kibarua, si kiti alichokiacha.

Nami ndivyo nilivyofanya. Kwanza nilimwandikia mwenye kampuni ya Nairobi barua, nikamweleza juu ya ile mifuko 20 na sahihi yangu. Sikupata jibu, lakini usiku ule nililala. Nikatoa notisi yangu, nikaimaliza. Kisha Jumamosi moja jioni nikaenda kwa mzee, wakati anafunga hesabu. Nikasimama mbele ya ile meza, nikasema, "Mzee, nimekuja kuomba radhi kwa neno nililosema hapa. Nina na ombi la kazi, lakini hata ukikataa ombi, radhi naiomba." Nikamwambia pia habari ya ile sahihi, asije akaisikia kwa mwingine.

Aliendelea kuhesabu hadi mwisho wa ukurasa. Kisha akasema, "Mahali pako pana mtu. Siwezi kumfukuza kijana wa watu kwa sababu wewe umejuta."

Wasikilizaji, neno lile liliniuma, lakini lilikuwa neno la haki. Hata katika kujuta kwangu nilikuwa nimejifikiria peke yangu. Yule kijana alifunguliwa vitabu ambavyo sikumwonyesha, akajifundisha kwa taabu, na sasa alikuwa akivishika vizuri. Mzee akaongeza, "Kuna kazi ya kupakua lori. Ukiitaka, njoo Jumatatu."

Nikaitaka. Mshahara ulikuwa chini ya ule niliouacha. Yule niliyemfundisha ndiye aliyehesabu mifuko niliyobeba, na asubuhi ya kwanza akaniita "Mwalimu," kama zamani, hata nikashindwa kuitika. Wapita njia walionijua walicheka. Wako hata wa kanisani waliocheka. Lakini jioni nilikula chakula na watoto wangu, na hakuna karatasi niliyoiogopa.

Mwaka ulipokwisha, mzee aliniita ofisini. Hakusema neno. Aliweka juu ya ile meza funguo za stoo ndogo ya nyuma, akarudia hesabu zake.

Kabla sijamaliza, neno kwa wengine. Wewe mwenye kuajiri, ukijiwa na mtu wa namna hii, una haki ya kumpima, na una haki ya kukataa. Lakini usimfanye mchezo mbele ya wenzake. Huenda aliyesimama mbele yako ni Marko, na siku moja utamhitaji. Na wewe jirani, usicheke. Uwe Barnaba. Mfuate huyo ndugu hadi mlangoni, na ikibidi, useme neno kwa ajili yake.

Na wewe uliyegeukageuka kitandani usiku wa jana, labda mlango ule utafunguliwa, labda hautafunguliwa. Mimi siwezi kukuahidi. Lakini lile neno ulilolitupa ulipoondoka, laweza kuokotwa leo. Kama tajiri atakataa kukuandika, utakuwa umerudi kwa Mungu, na umerudi kwa mke wako na watoto wako ukiwa mtu mkweli. Amka, unawe uso, uende.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, twakuja kwako na majuto yetu. Tumeacha mema kwa pupa, tumesema maneno ya kiburi. Utusamehe. Umtie nguvu kila atakayebisha hodi leo katika mlango alioufunga yeye mwenyewe. Uulainishe moyo wa atakayemfungulia. Na kama mlango huo hautafunguliwa, umwonyeshe mwingine, ambamo ataweza kukutumikia kwa mikono safi. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.