Mgeni na Wakili Wake
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani, ambaye ni wakili Nairobi, aliyoitoa siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nieleze kazi ya kuwasaidia kisheria watu wanaoomba hifadhi nchini Kenya. Nitaieleza kwa neno moja tu: ndugu.

Mwaka 2018 alinijia msichana kutoka Kivu, Kongo, aliyefika huku peke yake. Katika mahojiano ya kwanza alisema kwamba ndugu yake aliuawa. Karani akaandika, kwa Kiingereza, kuwa ni kaka wa tumbo moja. Katika mahojiano ya pili akasema marehemu ni mtoto wa baba yake mdogo. Basi akahesabiwa kuwa mwongo, na ombi lake likakataliwa. Lakini ni nani kati yetu hapa asiyemwita mtoto wa baba mdogo ndugu?

Sheria ya Wakimbizi ya 2006, iliyotumika kabla ya hii ya 2021, ilimpa siku 30 za kukata rufani. Barua aliyopewa ilikuwa ya Kiingereza, naye lugha hiyo haijui. Aliponifikia, siku 22 zilikwisha pita. Tukaketi, tukaandika upya maelezo yake kwa Kiswahili, nikamsomea neno kwa neno, ndipo tukayatafsiri. Rufani ikakubaliwa.

Mabwana, hapo hapakuwa na ufasaha wa mahakamani. Nilisikiliza tu, nikahesabu siku.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 unakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake umo hatarini. Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa. Lakini anayengoja kutambuliwa haikumtaja kwa jina. Na huyo ndiye mwenye haja kubwa zaidi, maana neno moja likienda kombo, hilo jina la mkimbizi hatalipata kamwe.

Kwa hiyo wenzangu mlio mawakili, chukueni kesi moja ya namna hii kila mwaka bila malipo. Nanyi vijana, msilidharau somo la Kiswahili. Huenda siku moja uhai wa mtu ukategemea jinsi mtakavyotafsiri neno dogo.