MAZUNGUMZO KWA MAWAKILI: UENDESHAJI WA AFISI NDOGO YA SHERIA



Historia ya uwakili katika Visiwa hivi haikwenda moja kwa moja. Kuanzia mwaka 1970, zilipoanza kazi Mahkama za Wananchi, wakili hakuwa na nafasi ya kusimama mbele ya mahkama hizo kumtetea mtu. Mlango ulifunguka tena baada ya Katiba ya mwaka 1984 na sheria za mahkama zilizofuata mwaka 1985. Hiyo ni miongoni mwa sababu za afisi nyingi za uwakili Unguja na Pemba kuwa changa na ndogo: wakili mmoja, karani mmoja, na pengine kijana anayejifunza kazi. Udogo huo si kasoro. Kasoro huanza pale afisi inapoendeshwa kwa kumbukumbu ya kichwa cha mtu mmoja.

Jambo la kwanza, na ndilo linalostahiki kuzungumzwa kwa urefu, ni tarehe. Mteja anaposhindwa kesi kwa sababu ushahidi wake ulikuwa dhaifu, huumia, lakini huelewa. Anaposhindwa kwa sababu karatasi ilichelewa kufika kwa Mrajis, haelewi, na wala hapaswi kuelewa.

Uchukuliwe mfano wa mzee aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na ambaye sasa anagombania mpaka na mtu aliyenunua shamba la jirani. Shauri limepita katika Mahkama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1994, likafika Mahkama Kuu, na huko mzee ameshindwa. Hukumu imesomwa tarehe 3 Machi. Ikiwa anataka kwenda Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, Kanuni za Mahkama hiyo za mwaka 2009 zinampa siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kukata rufaa. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi, kwa hiyo siku ya mwisho ni tarehe 2 Aprili. Taarifa hiyo ikishawasilishwa, nakala yake apelekewe upande wa pili ndani ya siku 14, na rufaa yenyewe iwasilishwe ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipowasilishwa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Rufaa haikamiliki bila ya nakala za mwenendo wa kesi, na nakala hizo huweza kuchelewa kuchapwa kwa miezi. Kanuni zimeliona tatizo hilo. Muda uliotumika kuzitayarisha nakala hautahesabiwa, lakini kwa masharti: maombi ya nakala yawe kwa maandishi, yafanywe ndani ya siku 30 tangu hukumu, na nakala ya barua hiyo ya maombi apelekewe upande wa pili. Wakili aliyekwenda dirishani akaomba nakala kwa mdomo, akaahidiwa vyema na kurudi afisini akiwa ameridhika, hana kinga yoyote. Vivyo hivyo aliyeandika barua lakini akasahau kumpelekea mpinzani wake. Barua moja ya mistari mitano ndiyo inayoamua kama mzee yule atasikilizwa au shamba lake litakwenda hivyo hivyo.

Kwa hiyo afisi iwe na daftari la tarehe, kubwa, lenye kurasa za mwaka mzima, na likae mezani kwa karani. Tarehe iandikwe siku ile ile ambayo hukumu au amri imetolewa, si mwisho wa wiki. Pembeni yake iandikwe tarehe ya tahadhari, siku kumi kabla. Wapo wanaotegemea simu ya mkononi peke yake. Simu huibiwa, huanguka baharini wakati wa kupanda boti, na karani hawezi kuifungua wakili anapokuwa homani. Ikitumika, iwe ni ya kusaidia daftari.

Ikumbukwe pia kwamba si kila shauri lina safari ya kwenda Mahkama ya Rufaa. Mashauri yaliyoanzia katika Mahkama za Kadhi kuhusu sheria ya Kiislamu huishia Mahkama Kuu ya Zanzibar, na hali ni hiyo hiyo kwa tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Mteja aambiwe hivyo mwanzo, kabla hajalipa.

Malipo ndiyo jambo la pili. Mwananchi wa kawaida anaona haya kumuuliza wakili bei, na wakili naye anaona haya kuitaja. Matokeo yake ni ugomvi baada ya kesi. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili chepesi: ni kazi gani itafanywa, kwa kiasi gani, kitalipwa kwa mafungu mangapi, na gharama zipi ziko nje ya kiasi hicho, kama ada za mahkama na nauli za kwenda Pemba. Kila shilingi itolewe stakabadhi, hata kama imeletwa na jamaa wa wakili.

Fedha ambayo mteja ameiweka kwa ajili ya kununulia nyumba au kulipia fidia si mali ya afisi. Ni amana, na ikae katika akaunti yake ya benki mbali na fedha za kodi ya pango na mishahara. Kuazima humo kwa siku mbili tu, kwa nia njema kabisa, ndiko kulikowaondoa katika kazi hii watu waliokuwa na elimu kubwa. Aidha, Sheria ya Zanzibar ya Kuzuia Usafishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2009 inamtaka anayeshughulikia miamala ya namna hiyo amjue mteja wake na chanzo cha fedha zake. Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu katika jambo hili mwezi wa Oktoba 2022, na ikatolewa Juni 2025. Kutoka katika orodha hakukufuta wajibu huo. Mgeni anayefika na mkoba wa fedha akitaka kiwanja cha ufukweni kwa haraka aulizwe masuali yale yale anayoulizwa kila mtu.

Jambo la tatu linatokana na udogo wa Visiwa vyenyewe. Hapa watu wote ni jamaa, majirani, au wamesoma skuli moja. Ndugu watano huja pamoja afisini baada ya msiba, wakitaka msaada wa mirathi ambayo imo mikononi mwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wiki ya pili mmoja wao hurudi peke yake, jioni, kueleza kuwa nyumba ya Ng'ambo alishapewa yeye na marehemu. Wakati huo wakili hana tena mteja mmoja. Ana pande mbili, na ameshasikia siri za wote. Njia salama ni kuuliza siku ya kwanza, mbele ya wote, nani hasa ndiye mteja, jibu hilo kuandikwa na kutiwa saini. Mzozo ukitokea baadaye, wakili ajitoe kwa wote na asichague aliye karibu naye. Kujitoa huko humpunguzia pato la mwezi ule. Daftari la majina ya wateja na wapinzani wao, likipekuliwa kabla ya kupokea kazi mpya, huzuia mengi ya haya.

Ama kuhusu kukua, desturi ya taaluma hairuhusu wakili kujinadi kama muuza vitambaa wa Darajani. Afisi hukua kwa mteja aliyetoka ameridhika kulizungumza jina lake barazani. Mteja huridhika zaidi kwa kupewa khabari kuliko kwa ushindi. Barua fupi au simu baada ya kila tarehe ya mahkama, hata kuarifu kwamba shauri limeahirishwa, inatosha. Afisi nyingi za Mji Mkongwe ziko ghorofani, na mtu wa miaka sabini hukatishwa tamaa na ngazi kabla hajafika mlangoni. Wakili akishuka chini kuonana naye hapungukiwi heshima.

Faida nyengine ni kuchagua eneo. Ardhi, mikataba ya mahoteli, usajili wa kampuni katika Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali: kila moja ni kazi ya kutosha. Anayetaka kujua yote hupoteza muda mwingi kujifunza upya kila shauri. Wakili wa Unguja na mwenzake wa Chake Chake wakikubaliana kwa maandishi kushikiana mashauri madogo, nauli na siku mbili za safari hubakia kwa wateja. Wasaidizi wa sheria walioko katika shehia, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018, nao wasidharauliwe. Mara nyingi wao ndio wanaomwona mwananchi kwanza, na mashauri yaliyo juu ya uwezo wao huhitaji pa kupelekwa.

Kodi ya mapato kwa TRA, Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa ZRA kwa anayestahiki kusajiliwa, na michango ya karani kwa ZSSF zilipwe kwa wakati. Karani ambaye michango yake haikupelekwa ni mlalamikaji ndani ya afisi ya sheria.

La mwisho ni maradhi na kifo. Afisi ya mtu mmoja hufungwa mtu huyo anapolazwa, lakini tarehe za mahkama hazisimami. Wakili aandike barua kumtaja mwenzake atakayepokea majalada, na wateja waarifiwe tangu siku ya makubaliano kwamba mpango huo upo. Orodha ya kesi zinazoendelea na tarehe zao ichapwe kila mwezi. Majalada yawekwe katika makabati ya chuma, juu ya sakafu, kwa kuwa unyevu wa masika na mchwa havingoji hukumu. Nakala ya barua hiyo apewe karani, na nyengine mwenzake huyo, pamoja na ufunguo wa kabati.