Uamsho na Mahari



Mwaka 1953 uamsho uliingia Ibambi, upande wa Wamba. Watu walilia, wakaungama, wakarudisha vitu walivyoiba. Wamisionari nao waliungama pamoja na wenyeji. Mbele ya Msalaba hakukuwa na mkubwa wala mdogo.

Na sisi hapa Bunia? Binti wa mfanyabiashara anaimba kwaya moja na kijana wa kambi ya waliokimbia vita. Wote tunasema amina. Lakini siku ya kuposa swali ni moja: ng'ombe ngapi, dola ngapi?

Ruthu alikuwa mjane, mgeni, mwokota masuke. Boazi alikuwa na mashamba. Hakumchezea gizani; alikwenda langoni, akamtwaa mbele ya wazee kumi. Katika uzao wao alitoka Daudi, na baadaye Bwana Yesu.

Wazazi, mahari ni heshima, si bei. Ombeni kile kijana anaweza kutoa. Vijana, msitoroshane, njooni mbele ya wazee kama Boazi. Bwana alete uamsho hata kwenye kikao cha mahari. Amina.