MWENDO WA GARI NA MWENDO WA ABIRIA
(Maneno yaliyonenwa mbele ya watu wa Chumbageni, Tanga)

Leo twapenda kunena nanyi juu ya jambo ambalo kila asafiriye amelionja, lakini wachache wameuliza sababu yake.

Reli yetu ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Fikirini mtu aliyeketi ndani ya behewa, gari likienda mbio sawasawa bila kutikisika. Akirusha juu chungwa la Muheza, litamrudia mkononi. Halibaki nyuma, ingawa gari limesonga mbele chungwa likiwa hewani. Sababu yake ni hii: chungwa, mkono na behewa vyote vilikuwa na mwendo mmoja, na chungwa halikuupoteza mwendo ule kwa kuachwa na mkono. Aliye ndani huliona likipanda na kushuka tu. Aliyesimama kando ya reli huliona likienda mbele kwa njia ya upinde. Wote wawili wasema kweli. Galileo wa Italia aliyaeleza hayo mwaka 1632 kwa mfano wa merikebu, na mabaharia wetu waweza kuyajaribu jahazini, bahari ikiwa shwari.

Naye Newton wa Uingereza aliandika kanuni yake mwaka 1687: kitu kilichotulia hukaa katika utulivu, na kiendacho huendelea vile vile, kwa njia iliyonyoka, mpaka kishurutishwe na nguvu nyingine.

Hapa ndipo penye hatari. Dereva akishika breki ghafula, gari husimama, bali mwili wa abiria huendelea mbele mpaka uzuiwe na mkanda, kiti au kioo. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa ikigonga mti, asiyefunga mkanda hujipigiza kwa mbio za mtu aliyeanguka kutoka mnazi wa meta 10. Hakuna mikono ya mama iwezayo kumzuia mtoto hapo. Na arukaye kabla gari halijasimama, miguu yake hushikwa na ardhi, kiwiliwili kikaenda mbele; ndiyo maana huanguka kifudifudi.

Basi twawasihi: fungeni mikanda, kazeni mizigo, ngojeni gari lisimame. Nanyi walimu, wekeni karatasi ngumu juu ya kikombe, na sarafu juu ya karatasi; ivuteni karatasi ghafula, watoto waone sarafu ikitumbukia kikombeni. Wakiisha kuona, waulizeni sababu.