Sabuni, Kibiriti na Saa Mbili

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi, Mikese)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi serikalini. Naomba radhi, hayo mtayasikia kwa wengine. Mimi nitazungumza juu ya kununua sabuni.

Desemba 2019 mimi na mke wangu tulichukua likizo, tukafunga shanta mbili, tukaondoka hapa Mikese kwenda Addis Ababa kwa mabasi: Arusha, Nairobi, Marsabit, Moyale, kisha Hawassa. Wakati huo nilikuwa nimehamia Dodoma na ofisi yetu; yeye ni muuguzi, akabaki huku na watoto. Ulikuwa mwaka wa tatu. Tulikuwa tukionana kama wageni, kwa adabu nyingi na maneno machache. Mjomba wangu, ambaye kwetu Waluguru ndiye mwenye neno, aliuliza tumekosa nini hata tukabebe mizigo mgongoni katika nchi za watu. Sikumjibu. Ukweli ni kwamba tulitaka kujua kama bado tunaweza kukaa chumba kimoja.

Kuvuka tu mpaka, chakula kikabadilika. Tuliletewa injera: mfano wa chapati ya maji, laini, yenye vitundu, imetandazwa sinia zima. Hupikwa kwa unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi, na uji wake huachwa siku kadhaa uchachuke. Uchachu wake ni ule wa togwa iliyosahauliwa mtungini. Nikaagiza nyama. Hakuna. Wakristo wa Kiorthodoksi wa huko hufunga siku 43 kabla ya Krismasi yao, ambayo ni tarehe 7 Januari. Hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Basi ikawa dengu, mboga za majani na shiro, yaani unga wa dengu uliopikwa ukawa rojo la pilipili. Mke wangu alikula. Mimi nilinung'unika siku tatu. Huko Hawassa, kando ya ziwa, tuliona watu wakila samaki mbichi kwa pilipili. Hapo tu ndipo tulipokubaliana bila mjadala.

Hawassa ndiko tulikogombana. Kijana wa stendi alinitajia saa ya basi kwa Kiingereza: mbili. Mimi, msomi wa Mlimani, nikaitafsiri papo hapo kuwa saa nane mchana. Mke wangu akasema, "Baba watoto, huenda ni saa mbili hii yetu." Nikamwambia aniachie mambo ya safari. Kumbe Waethiopia nao huhesabu saa tangu jua linapochomoza, sawasawa na sisi! Tulipofika stendi saa saba unusu, basi lilikuwa limekwenda zake tangu asubuhi.

Hakunisema. Afadhali angenisema. Tulirudi katika nyumba ya wageni, akakaa kitandani, akatazama mashati yangu machafu. "Sabuni imekwisha. Nenda wewe."

Vijana, nilikuwa na umri wa miaka 41, natia saini barua za mkoa mzima, na sikukumbuka lini niliwahi kununua sabuni. Dukani nilisema Kiingereza, nikasugua viganja, nikaletewa mafuta ya kujipaka. Mwishowe nikasema kwa kukata tamaa, "Sabuni, ndugu yangu, sabuni!" Mwenye duka akacheka. "Samuna?" Akaniwekea kipande mezani. Nikajaribu tena. Sukari kwao ni sikwar. Kibiriti ni kibrit. Mkasi ni mekes, mizani ni mizan. Maneno mengi ya namna hii yametokana na Kiarabu, kwao na kwetu. Nilirudi nimebeba hata mkasi tusiouhitaji, nikamsomea mke wangu orodha yangu kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha nikafua mashati yangu mwenyewe uani.

Jioni mama mwenye nyumba alitukaribisha kahawa. Aliikaanga buni mbele yetu, nao huiita buna. Hunywewa duru tatu, na ya tatu huitwa baraka, neno lilelile letu. Kabla ya hapo tulikula sinia moja, na yule mama akatuonyesha gursha: unaviringisha tonge, unamlisha mwenzio kwa mkono wako. Akamwashiria mke wangu anilishe. Mbele ya watu! Mimi nikatazama chini. Mke wangu akaviringisha tonge kubwa makusudi, lenye pilipili nyingi, akanisukumia. Nilipaliwa, machozi yakanitoka, naye akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu nilipohamia Dodoma.

Addis Ababa tulifika siku ya pili yake. Mji ni mkubwa, una baridi, na soko la Merkato halina mwisho. Picha nitazibandika ubaoni.

Tuliporudi Januari niliandika barua ya kuomba uhamisho. Nilisubiri miezi kumi na minne. Sasa niko Morogoro, na siku ya gulio ni mimi niendaye na kapu. Wanaotaka kuuliza habari za nauli wanikute chini ya mwembe, saa kumi. Saa kumi yetu.